Hesabu mikato kwanza: mwongozo kamili wa kuchagua mashine ya kukatia tailizi unapokarabati nyumba

Kuanzia Oktoba, Moshi inanuka saruji. Watoto walioko Dar na Mwanza wameshapiga simu kwamba Desemba wanapanda, na kila mwenye nyumba kuanzia Kiboriloni hadi Marangu anataka sebule iwe imebadilika kabla mbuzi wa Krismasi hajachinjwa. Sakafu nyekundu ya saruji, iliyopigwa nta miaka na miaka mpaka ikawa kioo, inafunikwa tailizi. Mafundi wazuri wanagombewa, na anayepatikana kirahisi mara nyingi hana mashine. Ndipo mtu anaingia dukani na kununua ya kwanza anayoonyeshwa.

Mimi nilifanya hivyo hivyo. Nilikuwa nakarabati nyumba ya mama, Rau: sebule, bafu na baraza. Nikanunua mashine kabla ya tailizi zenyewe. Reli yake ilikuwa na urefu wa sentimita 60. Mama akachagua tailizi za 60 kwa 60, tena akataka za barazani zipangwe kwa mshazari. Tailizi ya 60 kwa 60 ukiikata kona kwa kona inahitaji njia ya karibu sentimita 85. Mashine ikarudi kwenye boksi lake, nikaenda kuazima ya jirani.

Kwa hiyo mwongozo huu unaanzia nyumbani, na dukani tutafika baadaye sana. Ninaposema tailizi nina maana ya vigae vyote vya sakafu na ukuta, vile ambavyo wengine hapa huviita marumaru hata kama havina hata chembe ya marumaru.

Hatua ya 1: Chora vyumba, hesabu mikato

Chukua daftari, futi na penseli. Pima kila chumba pande zote nne, kwa sababu nyumba zetu chache sana zina kuta mbili zinazolingana. Chora, panga tailizi kwenye karatasi, kisha andika kila mkato utakaohitajika, urefu wake na umbo lake.

Tuchukue sebule ya mita 3.5 kwa 4.1 na tailizi za 60 kwa 60. Upande mmoja zinaingia tano nzima na kipande cha sentimita 50. Upande wa pili zinaingia sita nzima na kipande cha 50 vilevile. Ukiacha kando nafasi za grauti, ile saruji laini ya kuziba kati ya tailizi, tailizi zote ni 42, na zinazokatwa ni 12 tu. Mikato ni 13, maana ile ya kona inakatwa mara mbili. Yote imenyooka. Ongeza miimo ya mlango, ambapo kila upande unataka mkato wa umbo la L. Hapo unaona kwamba sakafu ya sebule haihitaji mashine kubwa hata kidogo.

Halafu ziko skatingi, ule ukanda wa tailizi unaozunguka chini ya kuta, na hapa ndipo watu wengi hawapigi hesabu. Mzunguko wa chumba hicho ni mita 15.2. Ukitoa mlango zinabaki kama mita 14.3, yaani vipande 24 vya sentimita 60. Tailizi moja inatoa vipande sita vya karibu sentimita 10, kwa mikato mitano. Tailizi nne, mikato 20. Skatingi peke yake zina mikato mingi kuliko sakafu nzima. Isitoshe, kati ya vile vipande sita ni viwili tu vyenye ukingo wa kiwandani. Vinne vilivyobaki vitakaa ukutani ukingo uliokatwa ukiangalia juu, mahali ambapo kila mgeni anayeketi ataupitishia macho. Mashine inayomegua kingo itaumbuka kwenye skatingi kuliko mahali pengine popote.

Bafu ni kinyume chake. Sakafu ya mita 1.5 kwa 2.2 yenye tailizi za 30 kwa 30 ina mikato mitano ya kunyooka, basi. Lakini kuna tundu la maji machafu, bomba la choo la inchi 4, mabomba mawili ya shawa, mawili ya sinki, na moja la tangi la choo. Kama choo ni cha kuchuchumaa, kuna duara refu la kuzungusha pia. Andika matundu yote pembeni, kwa sababu mashine ya meza haitoboi tundu.

Mwisho, andika kama kuna kona za nje: ngazi za baraza, nguzo, ukingo wa dirisha, meza ya jiko. Kona ya nje inafungwa ama kwa ukanda wa plastiki au alumini, ama kwa tailizi mbili zilizokatwa ubavuni kwa nyuzi 45 zikakutana. Ukichagua ukanda, umejiokolea pesa nyingi za mashine.

Hatua ya 2: Ijue tailizi yenyewe

Kwa mashine, tailizi ziko za aina mbili: za seramiki na za poselini. Ya seramiki, ambayo ndiyo nyingi ya ukutani, ina mwili mlaini wa rangi ya udongo au maziwa na kioo chembamba juu yake. Ya poselini imechomwa mpaka ikafumbata, karibu hainywi maji kabisa, na ni ngumu kweli kweli. Angalia ubavu wa iliyovunjika, au igeuze udondoshee tone la maji mgongoni. Seramiki italinywa ukitazama. Kwenye poselini tone litakaa pale pale mpaka ulifute.

Boksi nalo linasema. Kwa mfumo wa kimataifa wa ISO 13006, alama BIa maana yake tailizi inanyonya maji yasiyozidi asilimia 0.5, nayo ndiyo poselini. BIII inanyonya zaidi ya asilimia 10, na hiyo ni seramiki laini ya ukutani. Zilizo katikati, BIb hadi BIIb, zinapanda kwa ugumu kadiri unyonyaji unavyopungua. Tailizi zetu nyingi siku hizi hazitoki mbali, kuna viwanda Mkuranga na Chalinze mkoani Pwani, na alama hizo utazikuta zimechapwa ubavuni mwa boksi kwa maandishi madogo. Muuzaji akikuambia "hii ni granaiti, mama, haivunjiki," usibishane naye. Soma boksi.

Pima pia unene. Za ukutani mara nyingi ni milimita 6 hadi 8, za sakafuni 8 hadi 10. Kama sakafu ya baraza itawekewa mawe halisi, granaiti au marumaru ya kweli, andika hivyo kwa herufi kubwa, maana jiwe linafuta kabisa aina moja ya mashine kati ya hizi zinazofuata.

Hatua ya 3: Familia nne za mashine

Ya kwanza ni mashine ya mkono, isiyotumia umeme. Ina reli, mpini, na kigurudumu kidogo cha chuma kigumu kinachochora mstari juu ya kioo. Ukishachora unaubana mpini, na tailizi inapasuka kufuata mstari. Haina vumbi, haina kelele, na umeme ukikatika saa nne asubuhi wewe unaendelea. Siri yake ni kuchora mara moja tu, kwa nguvu moja isiyobadilika, kutoka mwanzo hadi mwisho. Anayerudia mstari mara mbili ndiye anayelalamika kwamba tailizi zinameguka. Haiwezi kukata L, haikati nyuzi 45, haipasui jiwe, inahangaika na tailizi zenye mikwaruzo mirefu ya kuzuia utelezi, na kipande chembamba chini ya sentimita mbili kitakupasukia kinavyotaka chenyewe. Pamoja na hayo, kwa maoni yangu hii ndiyo mashine inayodharauliwa bure kuliko zote.

Ya pili ni grenda ndogo ya diski ya inchi 4 na nusu. Kila fundi anayo. Inakata L, inazungusha duara, inapunguza kidogo pale ulipokosea. Lakini mstari mrefu wa kunyooka kwa grenda unategemea mkono wa mtu, na vumbi lake ni la kutisha. Tutalirudia.

Ya tatu ni mashine ya kushika mkononi ya diski ya milimita 110, ile ambayo madukani huitwa mashine ya kukatia marumaru. Inafanana na msumeno wa mviringo wa seremala uliopunguzwa. Ina bapa la chuma linalolala juu ya tailizi, nyingi zinalala hadi nyuzi 45, na baadhi zina mpira wa kuleta maji kwenye diski. Ukiibana kwenye rula ya alumini ya mita mbili, inakata tailizi ya urefu wowote, hata 60 kwa 120.

Ya nne ni mashine ya meza ya maji. Ndani ya familia hii kuna ndugu wawili wasiofanana. Mdogo ana diski ya inchi 7 inayochomoza kutoka chini ya meza, nusu ikiogelea kwenye trei ya maji, nawe unasukuma tailizi kwa mikono. Ni ya bei nafuu na inakata vipande vya skatingi vizuri. Lakini meza yake ni ndogo, na tailizi kubwa inaning'inia nje, inayumba, inakata upinde. Mkubwa ana reli juu, mota na diski vinatembea, tailizi imetulia, na pampu inamwagia maji. Huyu ndiye anayekata poselini ya sentimita 60 kama mkate. Urefu wa reli ndio mwisho wake: mashine ya 60 haivuki 60.

Hatua ya 4: Oanisha orodha na familia

Rudi kwenye daftari. Kama mikato yako mingi imenyooka, tailizi ni seramiki au poselini ya kawaida, na kona za nje utazifunga kwa ukanda, nunua mashine ya mkono nzuri pamoja na grenda ndogo. Nimesema nzuri: reli mbili nene, msingi usiopinda, kigurudumu kinachobadilishwa. Kwa poselini ya 60 chukua ya sentimita 70 au zaidi, na kama kuna mshazari, 90. Ile ya bei ya chini kabisa yenye bati jembamba hutumika kwa tailizi za bafuni za 30, ikifika kwenye poselini inajikunja.

Kama una skatingi za vyumba vitatu vya poselini, ngazi za nyuzi 45, au jiwe halisi, unahitaji maji. Kwa nyumba moja ningechukua ile ya mkononi ya milimita 110 yenye mpira wa maji, pamoja na rula ndefu, badala ya mashine ndogo ya meza. Najua mafundi wengi hawatakubaliana nami hapa, maana mashine ya meza inaonekana ya kazi zaidi. Lakini tailizi zimekua. Miaka ya nyuma 30 kwa 30 ilikuwa ndiyo sakafu, na meza ndogo iliitosha. Sasa unapomwona fundi anasukuma tailizi ya 60 juu ya meza ya sentimita 35, saidia fundi akiwa ameishika upande wa pili kama sahani ya pilau, ujue mstari hautanyooka.

Mashine ya reli ni ya mwenye nyumba nzima ya kufunika, au fundi anayetaka kuishi kwa kazi hiyo. Mwenye vyumba viwili aikodi.

Hatua ya 5: Diski ina kazi kubwa kuliko mota

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu nimeona watu wakirudisha mashine nzima dukani wakati tatizo lilikuwa diski.

Diski ya tailizi haina meno. Ina chembe za almasi zilizoshikwa ndani ya chuma laini. Kadiri inavyosaga, chuma kinalika kidogo, almasi zilizochoka zinadondoka na mpya zinajitokeza. Ndiyo maana kitu kigumu kinataka diski yenye chuma laini. Poselini hailiki kirahisi, kwa hiyo chuma lazima kikubali kulika chenyewe ili almasi mpya zitoke. Ukiweka diski ya zege kwenye poselini, chuma chake kigumu hakiliki, almasi za juu zinasagika mpaka zinakuwa laini, na diski inaanza kusugua badala ya kukata. Utaiona: inatoa cheche, inapiga kelele nyembamba, na tailizi inabadilika rangi kwenye mstari. Huo si wakati wa kukandamiza. Chukua kipande cha tofali la saruji na mchanga, likate mara tano au sita. Mchanga utakwangua chuma na almasi zitafunuka. Diski niliyotaka kuitupa ilinikatia bafu lote baada ya hapo.

Umbo la ukingo lina maana yake. Diski yenye mapengo makubwa ni ya zege na tofali, kwenye tailizi itamegua kioo. Ya ukingo mzima usio na pengo hata moja inakata safi lakini polepole, nayo inapenda maji. Nyembamba yenye mikunjo midogo ubavuni, ya unene wa milimita 1.2 hivi, ni ya kasi, inavumilia kukata kwa kavu, na kwa poselini ndiyo ningeanzia hapo. Diski ya kukatia nondo haina kazi kwenye tailizi, hata kama fundi anasema anaijulia.

Sasa vipimo. Tundu la katikati la diski za grenda ya inchi 4 na nusu ni milimita 22.2. Mashine nyingi za mkononi za 110 zinatumia 20, na za meza kubwa nyingi ni 25.4. Diski yenye tundu kubwa kuliko mhimili isiwekwe kwa kufungia karatasi ama bati la soda, nimeona hayo. Tumia ringi yake halisi au ibadilishe. Angalia pia kasi iliyoandikwa kwenye diski: lazima iwe kubwa kuliko ya mashine. Grenda ndogo inazunguka karibu mara 11,000 kwa dakika, na diski za inchi 4 na nusu huandikwa karibu 13,300, hiyo ni salama. Diski ya inchi 7 huandikwa karibu 8,500. Mtu anayevua kinga ya grenda ndogo ili aingize diski ya inchi 7 ameivusha mpaka wake, na ikipasuka vipande havichagui pa kwenda. Mshale kwenye diski ufuate mzunguko wa mashine, na diski mpya iache izunguke bila kazi dakika moja kabla ya mkato wa kwanza.

Hatua ya 6: Soma kibati cha mashine

Umeme wetu ni volti 230, hertzi 50. Mashine inayoandikwa 220 hadi 240 na 50 iko sawa. Iliyotumwa na shangazi kutoka Marekani itasema 120 na 60, na ukiichomeka hapa itaungua kabla hujamaliza kusema asante. Za mtumba kutoka Uingereza ziangalie kwa jicho kali zaidi: vifaa vingi vya kule vya ujenzi ni vya volti 110, vina plagi ya njano ya duara. Kuna watu huikata ile plagi ya njano na kuweka yetu ya pini tatu, wakauza.

Tafuta pia herufi S. S1 maana yake mota imetengenezwa kufanya kazi mfululizo. S2 na "10 min" maana yake dakika kumi, kisha ipumzike mpaka ipoe. Mashine ndogo nyingi za meza ni za S2, na wenye nyumba hawaambiwi. Ukikata skatingi za chumba kizima bila kupumzika, harufu utakayoisikia ni ya waya za mota. Kuhusu wati, 600 zinatosha seramiki kwenye meza ndogo. Kwa poselini kwa ile ya mkononi nenda kwenye 1,200 au zaidi. Gharama ya LUKU isikutishe, mashine ya wati 1,200 ikikata saa nzima bila kusimama inakula uniti 1.2.

Umeme na maji vinakutana hapa, kwa hiyo chomeka kwenye mstari wenye RCD ya miliampia 30, ile swichi inayokata umeme pale unapoanza kuvuja. Nyumba nyingi za zamani hazina, mwombe fundi umeme aiweke kwenye boksi la swichi, utabaki nayo hata baada ya ukarabati. Waya wa mashine uache uning'inie chini ya usawa wa soketi kabla haujapanda, ili tone la maji lidondoke sakafuni lisiingie kwenye soketi. Waya wa ekstensheni wa kuviringwa ufungue wote, ukibaki umejiviringa unapata joto.

Kuna desturi moja ya mafundi wetu ambayo lazima niiseme: saidia fundi anasimama na chupa ya maji iliyotobolewa kifuniko, anamwagia grenda ya umeme ikiwa inakata. Grenda haikujengwa kuloweshwa. Matundu yake ya hewa yanavuta yale maji hadi kwenye mota, na fundi ameishika kwa mikono miwili, miguu ikiwa kwenye tope. Ukitaka maji, tumia mashine ya maji.

Hatua ya 7: Vumbi

Vumbi jeupe la tailizi lina silika, ile ile iliyomo kwenye mawe wanayotoboa wachimbaji wa tanzanite Mererani. Sisi wa huku hatuhitaji kusimuliwa sana. Hospitali ya Kibong'oto kule Siha imewapokea wengi wa vifua vilivyoharibika. Chembe zake ni ndogo kiasi kwamba huzioni, zinaingia mapafuni na hazitoki. Kanga mdomoni haizizuii, wala barakoa ya kitambaa. Inayofaa ni ya N95 au FFP2, ibane vizuri puani.

Grenda kavu ifanyie kazi nje, upepo ukiwa mgongoni, watoto wakiwa mbali, na nguo zilizoanikwa zianuliwe kwanza. Miwani ya kinga na vizibo vya masikio viwepo. Kilemba, shuka au mkono wa shati unaopepea usikaribie diski. Hii ni sababu nyingine inayonifanya niipende mashine ya mkono: haina kabisa hadithi hii.

Hatua ya 8: Dukani, ukiwa na kipande mfukoni

Usiende na pesa tu. Nenda na vipande viwili vya tailizi yako, hata vilivyovunjika, na kipimo cha pembe cha fundi. Arusha na Moshi maduka ya vifaa vya ujenzi yanakaa jirani jirani, na akikataa mmoja kukujaribishia, wa pili atakubali. Mwambie kwa upole, "Kaka, naomba tuikate hii hapa."

Kabla ya kuwasha, zungusha diski kwa mkono huku ukitazama ukingo wake kwa jicho moja. Ikiyumba kushoto na kulia, uliza kama ni diski au mhimili. Mhimili ukiwa umepinda, ondoka. Weka rula juu ya meza uone kama kuna mwanga chini yake. Washa, sikiliza mlio: mashine iliyo sawa inavuma, beringi mbovu inakwaruza.

Kata kipande. Kisha pindua kimoja kati ya vipande viwili ulivyopata, ukioanishe na mwenzake kwenye meza, kingo zilizokatwa zikigusana. Pengo likionekana upande mmoja, mwongozo wa mashine hauko sawa, na kosa unaloliona hapo ni maradufu ya kosa halisi. Kwa mashine ya mkono jaribu kigurudumu kwenye reli: kama mpini unacheza kushoto na kulia ukiwa katikati, mstari nao utacheza.

Uliza vipuri. Kaboni za mota zinalika, hilo ni jambo la kawaida, na mashine isiyo na kaboni za kununua Moshi ni ya kutupa siku zikiisha. Uliza pampu na kigurudumu vilevile. Mashine ya jina usilolijua yenye vipuri kwenye rafu ninaichagua mbele ya yenye jina kubwa ambayo kila kitu chake "kinaagizwa Dar." Chukua risiti ya EFD, na mwombe aandike waranti juu yake kwa kalamu pamoja na muhuri.

Hatua ya 9: Kununua, kukodi au kumwachia fundi

Kama umemwajiri fundi, muulize mapema anatumia mashine gani, na mwombe akuonyeshe mkato wake wa poselini kabla hamjapatana. Akiwa na mashine yake, bei yake inayo ndani na wewe huna la kununua. Labda umletee diski nzuri mbili, hilo linalipa kuliko kumnunulia mashine.

Kukodi kunafaa kwa mkusanyiko wa mikato migumu. Kusanya skatingi zote na nyuzi 45 zote, ziwekee alama, kisha ikodi kwa siku moja au mbili uzimalize. Mikato ya sakafu fanya kwa mashine ya mkono kwa siku zako mwenyewe. Usikodi katikati ya Novemba bila kuahidiwa wiki kadhaa kabla, kila mtu anaitaka. Na ukinunua yako, jiandae kwa shemeji na majirani. Mimi huiazimisha bila diski. Anayeihitaji kweli atanunua diski yake, na hapo nusu ya waombaji wanakumbuka kwamba hawakuwa na haraka.

Hatua ya 10: Mikato ya kwanza

Anza na vipande vibovu, angalau vitano. Bandika selotepu ya karatasi juu ya kioo na uchore mstari kwa makapeni juu yake: maji hayaufuti na kioo hakimeguki ovyo. Kumbuka diski inakula karibu milimita 2, kata upande wa takataka wa mstari. Kwenye mashine ya reli uso wa tailizi uangalie juu.

Acha diski ijivute. Ukisikia mota inashuka sauti, unasukuma kupita kiasi. Sentimita tatu za mwisho ndizo zinazopasua kona. Kwa tailizi kubwa, kata kidogo kutoka mwisho kwanza, kisha anza upya kutoka mwanzo mpaka mikato ikutane. Kwa umbo la L, toboa kitundu kidogo kwenye kona ya ndani kabla ya kukata pande mbili, maana kona kali bila tundu ndipo ufa unapoanzia, wakati mwingine wiki mbili baada ya kubandika. Matundu ya mabomba yatoboe kwa kikombe cha almasi chenye ukubwa mmoja zaidi ya bomba. Kigusishe kikiwa kimeinama kidogo kwanza kisishuke na kuteleza, kisha kisimamishe taratibu. Ukingo wa skatingi uliokatwa upitishe pedi ya almasi au jiwe la kunolea mara tatu, kwa kushuka, usiwe mkali kwa kidole.

Badilisha maji ya trei yanapokuwa mazito kama uji mwepesi, yakifika hapo yanaisugua diski badala ya kuipoza. Na yale maji usiyamwage kwenye sinki wala tundu la bafu ulilotoka kulitengeneza. Yaache kwenye ndoo usiku kucha, asubuhi mwaga ya juu nje, na lile tope la chini ulifunge kwenye mfuko wa saruji ulioisha likiwa bado bichi, kabla halijakauka na kuwa vumbi tena.